Aliyeganda mbele ya nyati: ni kiwewe, butwaa au bumbuwazi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza wageni, naishi Sanawari, Arusha. Mwezi uliopita tulikuwa tunapanda Meru kutokea lango la Momella, wageni wanne, askari mwenye bunduki mbele na mimi nyuma. Kwenye kona moja nyati dume akatokeza kichakani, hatua kama kumi hivi kutoka nilipo. Tumefundishwa tusikimbie na kweli sikukimbia, lakini hata ningetaka nisingeweza. Miguu iligoma, sauti iligoma. Askari alipiga risasi hewani, nyati akageuka akaenda zake. Kwenye ripoti niliandika "nilishikwa na kiwewe". Bosi akalikata neno langu kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "alipigwa na butwaa", akaniambia kiwewe ni cha mtu anayekimbia ovyo. Dereva wetu, mtu wa Mombasa, anasema wote tumekosea, hiyo inaitwa bumbuwazi. Neno sahihi ni lipi? Na jinamizi nalo lina undugu na mambo haya? Nauliza kwa sababu tangu siku ile limenikaba usiku mara mbili.

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na pole sana. Hatua kumi na nyati dume si mchezo. Ndiyo maana mtu mwenye hasira tunasema amekuwa mbogo.

Bosi wako ana nusu ya haki na wewe una nusu yako. Dereva wa Mombasa ana neno zuri, ila nalo halimalizi kazi. Kiswahili hakikufunga hofu na kuganda kwenye furushi moja likapewa jina lake. Kina maneno mengi yanayokaa jirani, na ukiyasikiliza vizuri utagundua kwamba hayapimi ukubwa wa hofu. Yanauliza hofu ile ilikufanya nini. Ilikukimbiza? Ilikulegeza? Ilikufunga mdomo? Ilikuibia akili ukabaki na miguu, au ilikuibia miguu ukabaki na akili?

Ngoja nikupeleke sokoni kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, ila nimefundisha Kiswahili hapa Moshi miaka mingi hadi wajukuu zangu wanasema Kichaga kuliko mimi. Mwaka fulani, saa nne asubuhi, nilikuwa natafuta ndizi za mtori kwenye soko moja hapa mjini, transfoma ikalipuka juu ya nguzo. Mlio mmoja, cheche, moshi mweusi. Kijana aliyekuwa amebeba gunia la karoti alilitupa akakimbia, na alikokimbilia ni kule kule kwenye nguzo. Mama aliyekuwa ananirudishia chenji alibaki mkono umenyooka, noti ya elfu moja kati ya vidole viwili, mdomo wazi, macho kwenye cheche; nilimwita mara mbili hakunisikia. Mzee mmoja aliketi chini palepale kwenye maganda ya viazi kwa sababu magoti yalimwishia nguvu. Na binti wa miaka saba au minane alisimama katikati ya njia, mabega yamepanda hadi masikioni, ngumi zimekunjwa, hapepesi macho. Mama yake alipomfikia ilibidi ambebe kama anavyobebwa mtu aliyechongwa kwa mti.

Sasa, yule wa karoti alishikwa na kiwewe. Mama wa chenji aliduwaa, alipigwa na butwaa. Mzee alinywea. Binti aliganda. Mlio ni ule ule kwa wote wanne, na kila mmoja ana neno lake. Kwa maelezo yako, wewe ni ndugu wa yule binti.

Tuanze na neno lako. Kiwewe ni hali ya kupotewa na mwelekeo wa akili kwa sababu ya hofu au mshtuko. Mwenye kiwewe hajui la kufanya, na mara nyingi hufanya lisilofaa: anatafuta funguo huku kazishika, anaingia chumba kisicho chake, anapiga simu kwa namba ya mtu aliyesimama mbele yake. Mimi nalisikia neno hili likiwa na udugu na kuweweseka, kule kusema usingizini. Anayeweweseka mdomo wake uko kazini, akili iko likizo. Hapo ndipo bosi wako alipopata wazo lake la "kukimbia ovyo", na hakulitoa hewani. Ila amelibana mno. Kiwewe hakimlazimu mtu kukimbia. Unaweza kusema "alishikwa na kiwewe hata akashindwa kufungua mlango", na hakuna Mswahili atakayekusahihisha. Wanafunzi wangu walishikwa na kiwewe ndani ya chumba cha mtihani wakiwa wameketi kimya kabisa, kalamu mkononi, hawakumbuki hata jina la shule. Kinachohesabiwa ni akili kuvurugika.

Kwa hiyo swali langu kwako, nalo wewe ndiye wa kulijibu, siyo mimi: wakati nyati anakutazama, akili yako ilikuwa imevurugika? Au ulikuwa unaona kila kitu, masikio yake, udongo kwenye pembe, askari anavyoinua bunduki, ila mwili haupokei amri? Ukiwa hivi vya pili, kiwewe si neno lako hata kama umma wote wa Sanawari watakuelewa.

Bosi angekuwa na hoja nzito zaidi kama ungeandika "nilitaharuki". Taharuki na haraka ni ndugu wa damu, yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujongea. Taharuki ni hofu inayotembea: watu wanainuka, wanaulizana, wanasukumana mlangoni. Magazeti yanapoandika kwamba taharuki imetanda mtaani, hakuna aliyesimama kimya kwenye habari hiyo. Yapo pia jakamoyo na kimuyemuye, ambayo vijana wa siku hizi hawayatumii sana. Ni ya kuhangaika na kutotulia kwa jambo linalokuja, kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Na kihoro tuwaachie wafiwa, kwa kuwa ndani yake mna majonzi na kupotelewa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokupata kule Momella.

Butwaa sasa. Neno la bosi ni Kiswahili safi, na lina kuganda ndani yake: aliyepigwa na butwaa hasemi, hatikisiki, anatazama tu. Lakini butwaa halina hofu ya lazima. Baba anayekuta kijana wake aliyepotea miaka kumi amekaa sebuleni anakunywa chai hupigwa na butwaa. Bibi harusi akizawadiwa ng'ombe watano na shemeji ambaye hajawahi kutoa hata kuku, naye hupigwa na butwaa, na ukumbi mzima pamoja naye. Butwaa ni la jambo lisilotarajiwa, liwe zuri au baya. Bosi alipoliandika pale juu kwa wino mwekundu, alikibakiza kisimamo chako akaiondoa hofu yako. Msomaji wa ripoti ile ataelewa kwamba ulimshangaa nyati. Sijui kama alikusudia hivyo. Ofisi nyingi hupenda ripoti ambazo ndani yake hakuna mtu aliyeogopa.

Bumbuwazi la dereva, ambalo wengine huliandika bumbuazi bila ile w, ni jirani wa karibu sana wa butwaa, na watu wengi huyabadilishana bila kufikiri. Kwa masikio yangu ya Pwani bumbuwazi ni zito zaidi na linakaa zaidi. Butwaa linakupiga ukazinduka. Bumbuwazi linaweza kukuweka hapo hadi chai ipoe. Mtu aliyeletewa habari ya msiba kwa simu akakaa saa nzima anatazama ukuta, huyo ni wa bumbuwazi. Ila nalo, kama butwaa, halitaji hofu mpaka uitaje wewe.

Kisha kuna ukoo mzima wa vitenzi vyenye mwisho wa irabu mbili: kuduwaa, kutunduwaa, kushangaa, kubung'aa, kuzubaa, kupumbaa, kukakamaa. Vitamke polepole usikie jinsi sauti inavyobaki mdomoni wazi mwishoni, aaa, kama mdomo wa mama wa chenji. Vyote vinaeleza mtu aliyeingia kwenye hali fulani akabaki humo. Ndiyo maana tunapenda kuvisema kwa -me-: ameduwaa, amekakamaa, amezubaa. Tunaiona hali yenyewe mbele yetu, bado ipo.

Lakini tahadhari na kuzubaa! Ukienda stendi ya mabasi pale Moshi, kila dakika utasikia "Wahi mama, usizubae!" Kuzubaa kuna lawama ndani yake, ni uzembe wa macho na akili. Kupumbaa ni kubaya zaidi, kwani ndiko anakotoka mpumbavu. Mtu aliyegandishwa na hofu ukimwambia "ulizubaa" umemtukana, na nimeona mara nyingi watu wazima wakiwatendea hivi watoto walionusurika kugongwa na bodaboda. Mtoto kasimama barabarani kwa sababu mwili wake umefunga, anavutwa pembeni, halafu anapigwa kofi la "mbona unazubaa?" Neno baya huleta kofi. Ripoti yako ikirudi mezani kwa mara nyingine ukakuta limeandikwa "alizubaa", likatae waziwazi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliangalii, nalo ni kitenzi kinachotangulia. Wewe uliandika "nilishikwa", bosi akaandika "alipigwa". Hamkubadilishana jina tu, mlibadilishana na kitenzi, na masikio yenu yalijua mnachofanya hata kama ninyi hamkujua. Kwa Kiswahili hofu huingia. Tunasema kuingiwa na hofu, kuingiwa na woga, kuingiwa na wasiwasi, kuingiwa na kiwewe. Butwaa halikuingii. Jaribu kusema "niliingiwa na butwaa" uone ulimi unavyokwaruza. Butwaa hupiga, bumbuwazi hupiga, kwa sababu hutoka nje na huja kwa pigo moja. Hofu hupenya kama baridi ya asubuhi Marangu, hujui ilipita dirisha gani. Na katikati yao kuna kushikwa, kinachokubaliana na karibu wote: kushikwa na hofu, kushikwa na kiwewe, kushikwa na butwaa, kushikwa na bumbuwazi. Kushikwa maana yake ni kwamba kitu kimekukamata na hakijakuachia. Kwa mtu aliyesimama miguu imegoma, kitenzi chako "nilishikwa" ni chema kuliko cha bosi. Nakupa alama hapo.

Sasa kuganda, neno ambalo ninyi watatu hamkulitaja na mimi nalipenda kuliko yote. Kwa watu wa mlimani hili ni neno la kila siku. Maji ya chupa huganda usiku kwenye kambi za juu, wagumu wanaobeba mizigo wanalijua hilo. Damu huganda, samli huganda, maziwa huganda yakawa mgando. Kumbe zamani hata jina la kile cheupe kilichoganda juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, lilikuwa tabu: mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoiona theluji ile tarehe 11 Mei 1848, aliandika kwamba mwongoza njia wake aliiita kwa neno moja tu, baridi. Mwongoza wageni mwenzako huyo, miaka zaidi ya mia na sabini iliyopita, aliulizwa jina la kitu akataja kinavyomfanya mtu. Sikuoni wewe ukiwa mbali naye.

Kuganda kumehama kutoka kwenye maji kwenda kwa watu, na siku hizi kumehamia kwenye mashine. "Simu imeganda", "kompyuta imeganda", na kila mtu anaelewa: umeme upo, taa inawaka, ila ukibonyeza hakuna jibu. Nadhani ndivyo ulivyokuwa. Vijana wanaposema "niliona gari linakuja nikaganda", wamechukua maji ya mlimani na simu ya mfukoni wakayafanya kitu kimoja, na mimi sina ugomvi nao. Watu wa zamani walisema "alikauka kama gogo", na yule wa kanisani atakumbuka wimbo wa Musa katika Kutoka sura ya 15, ambapo hofu inawaangukia maadui nao wanakuwa kimya kama jiwe. Gogo, jiwe, sanamu, barafu: picha zinatofautiana, mwili ni ule ule mgumu.

Na kufa ganzi? Hiyo nayo husikika sana. "Nilikufa ganzi." Ni picha nzuri, ila inatoka kwa daktari wa meno na kwenye mguu ulioukalia vibaya: ganzi ni kutohisi. Yule binti wa sokoni alikuwa anahisi kila kitu. Ganzi inamfaa zaidi mtu baada ya tukio, jioni, anapoulizwa habari na hana hata chozi.

Msomaji mmoja aliwahi kunipendekezea tuunde jina jipya, "hofu mgando", kwa mfano wa mawazo mgando. Nilicheka peke yangu. Kwa Mtanzania yeyote, mgando ni yale mafuta ya kopo anayopakwa mtoto magotini kabla ya kwenda shule. Hofu mgando ingeuzwa dukani karibu na sabuni.

Turudi kwenye ripoti, maana hapo ndipo neno linapogeuka kuwa kesi. Mmefundishwa msikimbie mbele ya nyati. Hukukimbia. Aliyekutazama kwa mbali aliona mwongozaji hodari aliyefuata mafunzo. Wewe ndani yako ulijua haikuwa uhodari wala mafunzo. Hakuna picha wala shahidi anayeweza kuutenganisha utii na kuganda. Ni kitenzi chako tu kinachoweza. "Nilisimama" ni tendo, wewe ndiye mwenye kusimama. "Nilitulia" ni tendo na sifa juu yake. "Niliganda" si tendo lako. Ukiandika "nilisimama kimya" umejisifu kwa jambo ambalo hukulitenda, na ukiandika "nilishindwa kuchukua hatua", kama maofisa wanavyopenda, umejilaumu kwa jambo ambalo hukulikosea.

Hili si la nyati tu. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, watu wengi zaidi wanaandika mambo yao kwa lugha wanayoiota, na kila neno linakaa kwenye jalada. Niliwahi kuombwa na jirani nimsomee maelezo yake kabla hajayatia sahihi. Alikuwa ameporwa njiani usiku, na aliyemwandikia maelezo alikuwa ameandika "nilinyamaza". Nikamwuliza: ulinyamaza, au sauti haikutoka? Akanitazama muda mrefu, akasema, "Baba, nilifungua mdomo, hakukutoka kitu." Basi hilo ndilo likaandikwa. Anayenyamaza ameamua. Wa pili hakuamua chochote, na atakapoulizwa mbele ya watu "mbona hukupiga kelele?", ile sentensi moja ndiyo itakayomjibia. Wanawake waliotendewa unyama wanaulizwa swali hilo kila siku, na mara nyingi jibu la kweli ni kuganda, ila hakuna aliyewapa neno.

Angalia pia kile Kiswahili kinachofanya chenyewe bila kufundishwa. Mtu akiwa mzima, yeye ndiye mtendaji: natembea, nasema, nainua mkono. Hofu ikimshika, viungo vinakuwa watendaji na mwenyewe anageuka kuwa mtendwa: magoti yalinilegea, mate yalinikauka, vinyweleo vilinisimama (malaika, kama wasemavyo Pwani), ulimi uliniganda. Ile -ni- ndogo katikati ya kitenzi ndiyo wewe, umebanwa kati ya kiungo chako na hofu yako. Uliponiandikia "miguu iligoma, sauti iligoma" ulifanya hivyo hivyo bila kujua sarufi yake, na kwa kweli sentensi ile ni bora kuliko yote mliyobishania. Miguu ni wafanyakazi, wamegoma. Mwenye kiwanda yupo dirishani anatazama.

Mwili wenyewe unakubaliana na lugha. Mmarekani Walter Cannon, mtaalamu wa utendaji wa mwili, alipoandika mwaka 1915 kuhusu mwili wenye hofu, kilichobaki midomoni mwa watu ni mambo mawili, kupigana au kukimbia. Kuganda kukaja kupewa nafasi yake baadaye. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayopokea hatari kabla hujapata nafasi ya kufikiri, na amri yake ya kwanza mara nyingi ni kusimama. Misuli inakaza, na moyo, ambao ungedhani utakwenda mbio, kwa muda hupunguza mwendo. Kwa hiyo anayesema "moyo ulinisimama" hatii chumvi nyingi. Mtoto wa swala hulala bila kutikisika kwenye majani kwa sababu macho ya mnyama mlaji hunasa kinachotikisika. Na tazama tena tofauti ya binti na mzee wa sokoni: kuna kuganda kwa kukaza na kuna kuishiwa nguvu. Kiswahili kiliwatenganisha kitambo, huyu akakakamaa, yule akanywea.

Jinamizi sasa, maana naona ndilo lililokufanya uandike. Undugu upo, ila mlango ni mwingine. Tunapoota, ubongo huifungia misuli ili tusiinuke tukapigana na watu wa ndotoni. Mara nyingine akili huamka kabla ya kufuli kufunguliwa. Unaona dari, unasikia jogoo wa jirani, lakini huwezi kuinua kidole, kifua kizito, na unahisi kuna mtu chumbani. Hudumu sekunde chache, au dakika moja mbili, ingawa aliyekabwa ataapa ni usiku mzima. Waswahili wakaliita jinamizi wakampa mikono ya kukaba. Mchana hofu ndiyo iliyokufunga mwili. Usiku mwili uliofungwa ndio unaoita hofu. Uchovu na kukosa usingizi huliita, na mtu aliyepata mshtuko kama wako hulala vibaya. Ukiona linarudi wiki baada ya wiki, au nyati anakujia hata mchana ukiwa kwenye daladala, nenda kwa daktari, na ukifika usimwambie tu "nina mawazo", neno hilo kwetu limebeba kila kitu kuanzia ada ya shule. Mwambie ulivyoniambia mimi.

Kuhusu ripoti, andika hivi: "Nyati alipotokeza, nilishikwa na hofu, nikaganda. Nilikuwa nikiona na kusikia, ila miguu na sauti viligoma. Nilikuwa bado nimeganda askari alipopiga risasi hewani." Hiyo "nilikuwa nimeganda" iache kama ilivyo, usimruhusu mtu aifupishe, kwa sababu inaonyesha kwamba hali ile ilikuwapo kabla ya risasi na wakati wa risasi. Dereva akitaka bumbuwazi lake, mwambie mnaweza kuandika "nilishikwa na bumbuwazi kwa hofu" na litasimama. Na bosi akisema fomu yake ina nafasi ya neno moja tu, mpe "niliduwaa", halafu muombe aongeze "kwa hofu" kwa ile kalamu yake nyekundu, naamini bado ina wino.